Mbegu Iliyovikwa Ghalani: Uhakiki wa Hoja za Virutubishi Vidogo na Uhai wa Mbegu za Maharage katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Maandishi ya kitaalamu kuhusu kuvika mbegu kwa virutubishi vidogo yameongezeka sana katika miongo ya karibuni, na mengi yake yanaafikiana katika jambo moja: kwamba kiasi kidogo cha zinki, boroni, manganisi au molibdenamu kikigandishwa juu ya ganda la mbegu huufikishia mmea mchanga kile ambacho udongo umekosa, kwa gharama ndogo kuliko kumwaga mbolea katika shamba zima. Hoja hiyo ina nguvu, na uhakiki huu hauipingi. Linalohakikiwa hapa ni dai la pili, ambalo huingia kimyakimya nyuma ya lile la kwanza: kwamba mbegu iliyovikwa namna hiyo hudumisha ubora wake ghalani, au hata huishi kuliko mbegu tupu. Dai hili la pili lina masharti yake, na masharti hayo hayatajwi kila linapotajwa dai lenyewe.

Mkoa wa Kigoma unafaa kulipima dai hilo kwa sababu mbili. Kwanza, maharage (Phaseolus vulgaris) ni mbegu, chakula na fedha kwa wakati mmoja katika kaya nyingi za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, na sehemu kubwa ya mbegu inayopandwa hutoka katika akiba ya kaya yenyewe au gulioni, si dukani. Pili, mkoa huo una hewa mbili. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyanda za juu zinapanda hadi mita 1,500 na zaidi. Mfuko uleule wa mbegu ukiteremshwa kutoka Buhigwe kwenda Ujiji huingia katika hali nyingine kabisa ya joto na unyevu. Mjadala wa mbegu katika mkoa huu umetawaliwa na michikichi tangu serikali ilipoianzishia kampeni mwaka 2018 na kukipa kituo cha TARI Kihinga jukumu la kuzalisha mbegu zake. Hilo ni jambo la haki kwa zao lililosahauliwa kwa muda mrefu. Lakini mbegu ya chikichi hufikishwa kwa mkulima ikiwa imekwisha kuchipuzwa au ikiwa mche, hivyo suala la kuiweka ghalani miezi kadhaa halimgusi mkulima moja kwa moja. Suala la maharage linamgusa kila mwaka.

Neno "ubora" na jinsi linavyopotosha

Kabla ya kuhakiki vipimo, ni lazima kuhakiki neno. Katika Kiswahili cha ugani, "mbegu bora" maana yake ni aina iliyoboreshwa na watafiti, tofauti na "mbegu za kienyeji" au "mbegu za asili". Ni sifa ya ukoo wa mbegu. Mbegu bora iliyokufa ghalani bado huitwa mbegu bora, na mbegu ya kienyeji inayoota yote haipati jina hilo. Katika maabara, kwa upande mwingine, "ubora wa mbegu" hukusanya mambo manne yasiyofanana: usafi wa ukoo, usafi wa kimaumbile, afya, na hali ya kifiziolojia, yaani uhai, uwezo wa kuota na nguvu ya kuota. Kuhifadhi hakubadili ukoo. Kunachobadili ni hayo mawili ya mwisho.

Matokeo yake ni kwamba sentensi kama "kuvika virutubishi huongeza ubora wa mbegu wakati wa kuhifadhi" husomwa kwa namna mbili, na msomaji wa Kiswahili asiye mtaalamu wa mbegu huisoma kwa namna isiyokusudiwa. Anaelewa kwamba mbegu yake imepandishwa daraja. Mtafiti alitaka kusema kwamba baada ya miezi kadhaa, asilimia ya uotaji haikushuka sana. Pendekezo la mhakiki ni kwamba katika tasnifu zetu neno "ubora" litumike pale tu mwandishi anapokusudia jumla ya hayo manne. Penginepo aseme uotaji, uhai au nguvu, kila kimoja kwa jina lake. Kamusi zetu za istilahi za sayansi zimefanya kazi kubwa kwa biolojia ya jumla, lakini fani ya mbegu haijapata wa kuipangia maneno yake kwa utulivu, na kila mtafiti hubuni yake: mmoja "kuvika", mwingine "kupaka", wa tatu "kufunika". Hapa "kuvika" ni tendo la kuigandishia mbegu tabaka jembamba la polima au gundi lenye kirutubishi ndani yake. "Kupaka" ni kuichanganya na unga mkavu au kimiminika bila tabaka la kudumu. Na "kuloweka" ni kuitia majini kwa saa kadhaa kabla ya kupanda na kuikausha tena.

Tofauti hiyo ya mwisho si ya kuchezea. Mapitio ya Farooq, Wahid na Siddique (2012), ambayo karibu kila mwandishi wa mada hii huanzia, yanaitenga vizuri mbinu ya kuloweka na ile ya kuvika, na msisitizo wake uko kwenye uotaji, ukuaji na mavuno. Waandishi waliofuata huyanukuu mapitio hayo kana kwamba yalikuwa yanazungumzia ghala. Vivyo hivyo utafiti wa Harris na wenzake (2007) wa kuloweka mahindi katika myeyusho wa salfeti ya zinki nchini Pakistan ulihusu mbegu zinazolowekwa na mkulima na kupandwa, si mbegu zinazowekwa. Inajulikana kwamba mbegu za mimea mingi zilizolowekwa na kukaushwa huishi muda mfupi zaidi ghalani kuliko ambazo hazikuloweshwa, kwa sababu zimekwisha kuanza safari ya kuota. Kutumia ushahidi wa kuloweka ili kutetea uhifadhi wa mbegu zilizovikwa ni sawa na kumsifu mkimbiaji kwa habari za ndugu yake.

Hewa ya ziwani kama kigezo

Kanuni za Harrington (1972) ni za makadirio, lakini zimedumu kwa sababu hazimdanganyi mtu mbali sana. Kila unyevu wa mbegu unapopunguzwa kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili, kati ya unyevu wa asilimia 5 na 14 hivi. Na kila joto linaposhushwa kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maisha hayo huongezeka mara mbili pia. Athari hizo mbili huzidishana. Milinganyo ya Ellis na Roberts (1980) ni sahihi zaidi, na ndiyo inayopaswa kutumika katika uchambuzi wa takwimu, ila kwa hoja ya hapa Harrington anatosha.

Tuchukulie maharage yaliyokaushwa hadi asilimia 12 na kuwekwa katika nyumba iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500. Tuyachukue maharage yaleyale hadi ufukweni, katika mfuko wa kusuka unaopitisha hewa, wakati wa masika, ambapo hewa yenye unyevu huyapandisha hadi asilimia 14. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili ni kati ya nyuzi 4 na 5. Asilimia 2 za unyevu hupunguza maisha ya mbegu hadi robo. Nyuzi hizo 4 hadi 5 huipunguza robo hiyo karibu nusu yake tena. Mbegu ya ufukweni basi imebakiwa na takriban sehemu moja kati ya saba au nane ya maisha ya mwenzake wa mlimani, kabla ya kirutubishi chochote kutajwa.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa uhakiki wetu. Tabaka la nje la mbegu haliwezi kushusha joto. Linaweza kugusa unyevu, na hapo linaweza kusaidia au kudhuru. Polima isiyopenda maji inaweza kuchelewesha mvuke kuingia, ingawa kuchelewesha si kuzuia: mbegu iliyokaa wiki nyingi katika hewa yenye unyevu italingana na hewa hiyo hatimaye. Chumvi za virutubishi hufanya kinyume. Mtu yeyote aliyeweka chumvi ya Uvinza katika kibakuli kilicho wazi mjini Kigoma wakati wa mvua ameiona ikilia. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka kwa mvuke wa hewa pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Kila chumvi ina kizingiti chake, na chumvi zikichanganywa, kizingiti cha mchanganyiko hushuka chini ya kile cha kila moja peke yake. Mchanganyiko wa salfeti ya zinki, salfeti ya manganisi na asidi ya boroniki juu ya ganda la harage, kwa hiyo, ni kitu cha kuhofiwa katika hewa ya ziwani kuliko kila chumvi ikiwa peke yake. Jaribio lililofanywa katika chumba kikavu chenye ubaridi halitaonyesha hatari hiyo kamwe, na mtafiti ataandika kwa uaminifu kamili kwamba hakuona madhara.

Kalenda nayo ihesabiwe. Mvua za Kigoma huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kwisha mwezi wa Mei hivi, na maharage hupandwa mwanzoni mwa mvua na tena kuelekea Februari na Machi. Mbegu iliyovunwa Juni na kupandwa Oktoba hukaa ghalani kiangazi, wakati mzuri. Mbegu iliyovunwa Januari na kuwekwa hadi Oktoba hupitia masika yote. Tafiti zinazoripoti "miezi minne ya kuhifadhi" au "miezi tisa" bila kusema ni miezi ipi haziwezi kutumika hapa hata kama takwimu zake hazina dosari.

Kilichopimwa na kilichodaiwa

Udhaifu mkubwa wa maandishi haya uko katika ulinganisho. Muundo unaorudiwa mara nyingi ni wa kuwa na mbegu tupu upande mmoja, na upande wa pili mbegu iliyotiwa polima, kirutubishi na kiuakuvu kwa pamoja. Mwishoni mbegu ya upande wa pili huota vizuri zaidi, na sifa hupewa kirutubishi. Lakini mbegu hiyo ililoweshwa na kukaushwa upya. Huenda iliingia ghalani ikiwa kavu kuliko mwenzake, na tumeona asilimia 1 ya unyevu inavyoweza kufanya. Ilikingwa na polima. Ilikingwa na kiuakuvu. Ili kirutubishi kipewe sifa au lawama yake, jaribio lingehitaji angalau mbegu tupu, mbegu iliyoloweshwa kwa maji yaleyale na kukaushwa, mbegu yenye polima peke yake, na mbegu yenye polima pamoja na kirutubishi, zote zikiwa na unyevu uleule siku ya kuingia ghalani. Hilo si sharti la anasa. Linaongeza mifuko michache.

Kosa la pili linahusu vipimo vya nguvu ya mbegu, na mhakiki anakaa hapa kwa muda kwa kuwa hakulikuta likijadiliwa kwa uzito unaostahili. Kipimo cha upitishaji umeme hutumika sana kwa jamii ya kunde: mbegu hulowekwa katika maji safi kwa saa 24 kwa nyuzi 20, kisha maji hayo hupimwa. Mbegu iliyochoka ina tando za seli zilizoharibika, huvujisha chumvi zake, na maji hupitisha umeme zaidi. Mantiki hiyo ni nzuri kwa mbegu tupu. Kwa mbegu iliyovikwa chumvi, maji yatapitisha umeme hata kama tando zote ni nzima, kwa sababu chumvi ya joho imeyeyuka ndani yake. Mtafiti asiyetoa mchango wa joho hilo atasema mbegu imedhoofika kumbe haijadhoofika. Na ikiwa joho limepukutika polepole ghalani kwa kusuguana mfukoni, usomaji wake utashuka kadiri miezi inavyopita, naye ataandika kwamba nguvu ya mbegu imeongezeka kwa kuwekwa. Kipimo cha uzeekeshaji wa haraka nacho kina mtego unaofanana. Mbegu huwekwa katika nyuzi 41 hivi na hewa iliyojaa mvuke. Ile yenye chumvi zinazovuta maji hujaa kwa kasi tofauti na isiyo nazo, na kilicholinganishwa si uzee wa mbegu mbili, ni mbegu mbili zenye unyevu tofauti. Unyevu wa mbegu baada ya kipimo uripotiwe daima. Usiporipotiwa, mtahini ana haki ya kuuliza.

Kipimo cha kawaida cha uotaji, kwa kanuni za Chama cha Kimataifa cha Upimaji wa Mbegu (ISTA), ni cha mbegu 400, na kwa maharage hesabu ya mwisho hufanywa siku ya tisa. Huhesabiwa miche ya kawaida tu, si kila mbegu iliyotoa mzizi. Tofauti hiyo ni muhimu kwa boroni hasa, kwa kuwa mpaka kati ya kiasi kinachohitajika na kiasi kinachodhuru ni mwembamba kuliko kwa kirutubishi kingine chochote kidogo. Mbegu iliyozidishiwa boroni inaweza kuota na mche wake ukawa na mzizi uliodumaa. Mtafiti anayehesabu kutoka kwa mzizi atauita uhai. Mkulima atauona shambani ukiwa pengo.

Ipo hoja ya kibiokemia ambayo hutolewa kama hitimisho la mjadala: kwamba zinki na manganisi ni sehemu ya vimeng'enya vinavyozuia uoksidishaji, na kwa kuwa mbegu huzeeka kwa uoksidishaji wa mafuta ya tando zake, kuivika zinki huilinda. Kila kipande cha hoja hii ni kweli kikiwa peke yake. Kinachokosekana ni kiungo. Ndani ya mbegu kavu, ute wa seli umegandamana hadi kuwa katika hali inayofanana na kioo. Vimeng'enya karibu vyote vimelala kwa kukosa maji, na zinki iliyo nje ya ganda haina njia ya kuingia ndani ya kiinitete hadi mbegu inyonye maji. Watafiti hupima kazi ya vimeng'enya hivyo katika mche wa siku kadhaa, ambao tayari umekwisha kunywa zinki, kisha huyasoma matokeo nyuma hadi ghalani. Huo ni ushahidi kwamba mche umelishwa. Si ushahidi kwamba mbegu ililindwa. Tena metali hazifanani: chuma na shaba, tofauti na zinki, zikipata unyevu kidogo zinaweza zenyewe kuchochea kuzaliwa kwa vioksidishaji vikali. Kuziweka zote katika fungu moja la "virutubishi vidogo" na kutoa tamko moja juu ya ghala ni kurahisisha kupita kiasi.

Dawa au chakula

Zinki na shaba huzuia kuvu. Kuvu wa ghalani, wa jenasi Aspergillus na Penicillium, hustawi pale unyevu wa hewa inayozizunguka mbegu unapopita asilimia 65 hadi 70. Katika hewa kama ya Ujiji wakati wa masika, inawezekana kabisa kwamba mbegu iliyovikwa zinki inaota vizuri zaidi baada ya kuwekwa kwa sababu kuvu wamezuiwa, na lishe haikuhusika hata chembe. Ikiwa ndivyo, basi wakulima wanaoiita kila mbegu yenye rangi "mbegu yenye dawa", na ambao maafisa ugani huwasahihisha kwa kuwaambia kwamba hii si dawa ila ni chakula cha mmea, wamekuwa karibu na ukweli kuliko wanaowasahihisha.

Neno "dawa" lina uzito mwingine, na hapa ndipo penye jambo zito zaidi la suala hili. Mbegu ya maharage katika kaya si mbegu tu. Ni akiba ya mwisho. Mvua zikichelewa na unga ukaisha, mbegu huliwa. Zikibaki baada ya kupanda, huliwa au huuzwa gulioni. Mbegu iliyovikwa imetolewa katika mzunguko huo. Imepakwa rangi ili isiliwe, na haina soko isipokuwa kwa mpandaji. Kwa hiyo kaya inayovika mbegu zake mwezi wa Juni inaweka dau kwamba haitahitaji kula akiba hiyo hadi Oktoba, na kwamba mbegu itakuwa hai siku hiyo. Sehemu ya pili ya dau hilo ndiyo ambayo tafiti zinadai kuithibitisha. Sehemu ya kwanza haionekani katika jedwali lolote, na kwa kaya maskini ndiyo iliyo kubwa.

Kuna uhusiano mmoja ambao maandishi ya mbegu na maandishi ya lishe yamekuwa yakipishana nao. Joto na unyevu uleule unaoua mbegu ya maharage hulifanya pia harage kuwa gumu kuiva. Mama anayesema kwamba maharage ya mwaka jana yanamaliza kuni anatoa, kwa lugha ya jikoni, taarifa juu ya hali ya ghala lake. Sufuria haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha uotaji, lakini mtafiti anayetafuta kujua ghala lipi la ufukweni lina hali mbaya angeweza kuanzia hapo bila gharama.

Mawese, majivu na fukusi

Tasnifu nyingi huzitengea mbinu za wakulima sura yake, huziita maarifa ya asili, kisha huingia katika sura ya kisayansi na kuzisahau. Kwa Kigoma mgawanyo huo hauna msingi. Katika maeneo ya Afrika yenye michikichi, kupaka mafuta ya mawese juu ya kunde na maharage ili kuwazuia fukusi kunajulikana, na Schoonhoven (1978) alikwisha kuonyesha kwa majaribio kwamba mafuta ya mimea, mililita chache tu kwa kilo, huyakinga maharage dhidi ya fukusi wa jenasi Zabrotes kwa kuua mayai na viluwiluwi vichanga. Huko ni kuvika mbegu. Tabaka lake ni la mafuta badala ya polima, na swali lake ni lilelile: linafanya nini kwa unyevu, na linafanya nini kwa kiinitete? Kwa kiasi kidogo uotaji hauathiriki sana. Kwa kiasi kikubwa hushuka. Mawese mekundu yana karotini na vitamini E, vinavyochelewesha uoksidishaji wa mafuta hayo yenyewe, nayo huganda nusu katika joto la kawaida, hivyo hayapenyi kwa kasi ya mafuta mepesi. Majivu yana potasiamu na kalsiamu nyingi na chembe za manganisi, zinki na boroni, na hukausha. Haifuati kwamba wazee walikuwa wakivika virutubishi vidogo bila kujua. Walikuwa wakipambana na wadudu, na chembe hizo ni kidogo mno kwa lishe. Kinachofuata ni kwamba mawese na majivu yanastahili kuwa miongoni mwa vilinganishi katika jaribio lolote la kuvika mbegu linalofanywa mkoani humo, kwa sababu ndivyo vinavyoshindana na polima nyumbani kwa mkulima. Mbegu tupu isiyopakwa kitu, ambayo tafiti huilinganisha kila mara, huenda isiwe hali halisi ya kaya yoyote.

Fukusi nao hugawanyika kwa hewa ya mkoa: Acanthoscelides obtectus hupendelea ubaridi wa milima, Zabrotes subfasciatus joto la mabondeni. Kanda ya magharibi haihitaji kufundishwa uzito wa mdudu wa ghalani. Dumuzi wa mahindi, ambaye wakulima walimwita Scania, aligunduliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchi baada ya nchi. Virutubishi vidogo havidai kumzuia fukusi, na jaribio la kuhifadhi linalofanyika katika chumba kisicho na wadudu linapima kitu kizuri kwa usahihi mkubwa mahali pasipo na tatizo.

Hoja ya molibdenamu

Kirutubishi kimoja kinastahili kutetewa. Maharage hufunga naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa vinundu, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinahitaji molibdenamu. Katika udongo wenye asidi, kama ulivyo udongo mwingi mwekundu wa nyanda za juu, molibdenamu hushikwa na udongo na mmea haufikii. Kiasi kinachohitajika kwa hekta nzima ni kidogo kiasi cha kutosha juu ya mbegu. Kama kuna sababu ya kuvika maharage ya Buhigwe, ni hii.

Hata hivyo kuna njia nyingine, na Brodrick, Sakala na Giller (1992) waliielekeza: harage ni mbegu kubwa, na lina uwezo wa kubeba ndani yake akiba ya molibdenamu inayoutosha mmea katika ukuaji wake. Akiba hiyo hutokana na mmea mama. Mzalishaji wa mbegu akiunyunyizia mmea mama, mbegu huvunwa ikiwa tayari imebeba mzigo wake ndani, bila chumvi ganda la nje, bila rangi, na bila kuondolewa katika chungu. Hakuna joho la kuvuta mvuke wa ziwa, hakuna la kupukutika, na bakteria wanaopakwa siku ya kupanda hawakutani na chumvi kali itakayowaua. Kwa mtazamo wa ghala, mbegu iliyolishwa tumboni inaishinda iliyovishwa mgongoni, na inashangaza kwamba maandishi ya kuvika mbegu hayailinganishi na njia hiyo mara nyingi zaidi. Panapokosekana mbegu ya namna hiyo, kupaka siku ya kupanda kunafikisha kirutubishi kilekile shambani bila kukipitisha ghalani. Kuvika mapema na kuweka kunabaki na hoja moja tu ya nguvu, nayo ni ya kibiashara: kampuni huuza mfuko uliokamilika. Hoja hiyo si ya aibu, lakini isivishwe joho la fiziolojia.

Lebo

Kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mbegu inayouzwa nchini hupita mikononi mwa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania (TOSCI), pamoja na ile ya daraja la kuazimiwa ubora ambayo wakulima wenyewe huizalisha na kuiuza karibu na inakozalishwa. Daraja hilo ndilo linaloweza kumfikia mkulima wa maharage wa Kigoma kwa haraka zaidi, na ndilo litakalobeba mbegu zilizovikwa iwapo zitafika. Kipimo cha uotaji kinachofanywa kabla ya kuvika hakisemi lolote juu ya mbegu baada ya kuvikwa. Kinachofanywa wiki moja baada ya kuvika hakisemi lolote juu ya mbegu iliyopitia masika katika duka la bati karibu na mwalo wa Kibirizi. Lebo ya mbegu iliyovikwa ingepaswa kubeba tarehe mbili, ya kuvikwa na ya kupimwa, na ya pili itangulie kupanda kwa wiki chache. Ingepaswa pia kueleza, kwa Kiswahili kisichotumia neno "bora", ni kirutubishi gani kimo na kwamba mbegu hiyo isiliwe.

Jaribio ambalo lingeliamua suala hili mkoani Kigoma halijahitaji vifaa vya ajabu: maharage ya mavuno ya Januari, ghala mbili, moja ufukweni Ujiji na nyingine Buhigwe, mifuko ya kusuka na mifuko isiyopitisha hewa, mbegu tupu, yenye mawese, yenye polima tupu, yenye zinki, yenye molibdenamu, na iliyolishwa kwa mmea mama, unyevu wa mbegu ukipimwa kila mwezi, na miche ya kawaida ikihesabiwa hadi Oktoba.